Kanuni za korti za Marekani, kila korti na zake: zinapatikana wapi na ipi inashinda?

mamboleo_online (Kisumu)

Habari zenu wadau. Niko huku Mamboleo, kazi zangu ni za mtandaoni, nilianza na kusikiliza sauti na kuziandika, halafu nikapata wakili mmoja wa Marekani mwenye ofisi ndogo sana, yeye na sekretari tu, sasa ndiye ananipa kazi ya kumpangia makaratasi ya kesi, kuweka namba kwa kurasa, kutengeneza orodha ya tarehe, vitu kama hizo. Analipa vizuri na analipa kwa wakati kwa hivyo sitaki kumpoteza.

Sasa ameniletea kitu kubwa kidogo. Ana kesi mbili mpya kwa korti za federali, moja iko Northern District ya California na ingine iko Delaware, anataka nimwandikie karatasi moja kwa kila kesi inayosema hati zinafailiwa namna gani, muda ni upi, na pande mbili zinapeana vipi ushahidi wa kielektroniki, yaani imeili, meseji za simu, mafaili ya kwa seva ya kampuni. Hiyo kupeana ushahidi ndiyo wao wanaita diskavari. Zile Federal Rules of Civil Procedure za nchi yote nimezisoma, ziko wazi, lakini ananiambia hizo ni za juu tu, niangalie "za hapo na za jaji". Za hapo ni gani? Na jaji naye ana kanuni zake kama nani? Nikitafuta kwa Google napelekwa kwa blogu za 2014 na makampuni yanayouza programu.

Kitu ingine inanisumbua, huku kwetu kesi ikifailiwa unaona kila kitu kinaingia pamoja, hati ya madai, taarifa za mashahidi, nyaraka, yote. Sasa hizo imeili zote za mteja zinafaa kupakiwa kwa sistimu ya korti ama zinaenda wapi? Na wakisema mwisho ni tarehe 14, ni tarehe 14 ya nani, juu mimi nikilala wao ndio wako kazini. Nisaidieni tafadhali, na msinitume kununua kitabu.

free_area_nkr (Nakuru)

Karibu kwa hii kazi bro, mimi nimekuwa nikisoma nyaraka za kesi za huko miaka kadhaa na hilo swali lako ndilo kila mtu analiuliza akianza.

Iko hivi. Korti za federali za kesi za kwanza ziko 94, zinaitwa wilaya, na kila moja imeruhusiwa kutunga kanuni zake na Rule 83 ya hizo hizo kanuni ulizosoma. Sharti ni kwamba zisipingane na za nchi na zisizirudie. Halafu Rule 83 hiyo hiyo inamruhusu jaji mmoja mmoja kuendesha mambo kwake vile anataka bora asivunje zile za juu. Chukulia kama matatu, sheria ya barabara ni moja Kenya nzima lakini kila stegi ina vile foleni inapangwa, na ndani ya gari bado kuna makanga. Ukijua sheria ya barabara peke yake hutapanda gari.

Sasa watu wengi wanaanza juu wakishuka chini, mimi nakwambia anza chini upande juu. Kitu cha kwanza fungua rejista ya kesi yenyewe, ile wanaita doketi, uangalie kama jaji ashatoa amri ya ratiba kwa hiyo kesi. Hiyo ndiyo inakubana kuliko zote juu imeandikwa kwa ajili ya kesi yako, tarehe ziko hapo na mara nyingi mambo ya ushahidi wa kielektroniki yako hapo pia. Kama hakuna bado, nenda kwa tovuti ya hiyo korti, mwisho wake ni uscourts.gov, utafute ukurasa wa jaji mwenye kesi. Huko ndiko wanaweka maagizo yao ya kudumu, kurasa ngapi zinaruhusiwa, kama anataka umletee nakala ya karatasi ofisini, mzozo wa diskavari unaletwa kwa barua fupi ama kwa maombi rasmi, wengine hata saizi ya herufi. Ndiyo baadaye unasoma kanuni za wilaya, halafu zile za nchi unazitumia kujaza mapengo.

Na ujue hivi, hiyo yote ni bure. Mtu akikuitisha pesa upate kanuni za wilaya anakuibia mchana. Kitu inalipishwa ni PACER ile ya kuona hati za kesi, senti 10 za dola kwa ukurasa, hati moja haizidishi dola 3, na ukitumia dola 30 ama chini kwa miezi mitatu hawakuitishi kitu. Lakini kabla ya PACER jaribu CourtListener, kuna watu wanaweka huko hati zenye washalipia na unazisoma bila kitu.

Siri moja ya kutafuta haraka ni namba. Kanuni za wilaya zinafaa kufuata namba za zile za nchi, kwa hivyo kama unatafuta mambo ya kufaili, nchi ni Rule 5, California kaskazini nenda Civil L.R. 5-1 (L.R. ni Local Rule, yaani kanuni ya hapo). Maombi ni 7, mkutano wa ratiba ni 16, diskavari ni 26 kuendelea. Ukishajua hilo hauhitaji kusoma kurasa zote mia na kitu, unaruka moja kwa moja.

omera_tech

Yawa si muulize tu ChatGPT imuandikie hiyo karatasi aende akalale, mnajitesa bure 😂

free_area_nkr (Nakuru)

@omera_tech fanya hivyo na kazi itaisha siku hiyo hiyo. Mwaka wa 2023 huko New York kuna kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka kortini hukumu zilizotungwa na hiyo hiyo ChatGPT, kesi hazijawahi kuwa, Jaji Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Tangu hapo majaji kadhaa wameweka maagizo yao juu ya akili bandia, wengine wanataka wakili aseme kama ametumia na kama amehakikisha kila kitu. Kwa hivyo hata hiyo ni kitu cha kuangalia kwa ukurasa wa jaji. Kutumia kutafuta njia sawa, lakini namba ya kanuni unaithibitisha kwa tovuti ya korti na macho yako mawili.

karani_wa_faili (Kisumu)

Mamboleo jirani, mimi ni karani kwa ofisi ya wakili hapa mjini, ya Marekani nayajua kidogo juu ya binamu yangu anafanya kazi kama yako, lakini hilo swali la pili nalijibu.

Umezoea ya kwetu ndiyo maana unachanganyikiwa. Huku Order 3 rule 2 ya Civil Procedure Rules za 2010 inataka hati ya madai ije na hati ya kiapo, orodha ya mashahidi, taarifa zao zimesainiwa, na nakala za nyaraka utakazotegemea pamoja na ile barua ya kudai. Mshtakiwa naye akijibu anakuja na zake. Yaani tunaweka karata mezani mapema, mbele ya korti. Ndio maana ukiingia kwa e-filing, ambayo tangu Machi 2024 imefika korti zote nchini, unapakia furushi lote.

Kwao ni kinyume kabisa. Rule 5(d)(1)(A) inasema maombi ya diskavari na majibu yake HAYAFAILIWI kortini mpaka yatumike kwa kesi ama korti iamuru. Pande mbili zinapeana zenyewe kwa zenyewe, wakili kwa wakili, kwa diski ama kwa linki yenye pasiwedi, na jaji anaweza kukaa mwaka mzima hajaona hata imeili moja. Anaitwa tu wakigombana. Kwa hivyo hizo imeili za mteja usije ukazipakia kwa sistimu ya korti jameni, utakuwa umeanika siri za watu mbele ya dunia nzima, maana hati za kule zinasomwa na mtu yeyote mwenye akaunti ya PACER.

Na watu wasifikiri sisi huku hatuna mambo ya ushahidi wa kielektroniki. 2017 si mnakumbuka Supreme Court yetu ikiamuru IEBC, ile tume ya uchaguzi, ifungue seva ziangaliwe, na kwa hukumu ya kufuta uchaguzi wa urais korti ikasema wazi vile tume ilikataa kutii hiyo amri. Hiyo ilikuwa diskavari ya seva mchana kweupe, Kondele nzima ilijua maana ya seva hiyo wiki. Tofauti ni kwamba sisi ukileta ushahidi wa kompyuta swali kubwa ni cheti cha section 106B ya Evidence Act, nani alitoa hiyo kitu kwa mashine, mashine gani, ilitolewa namna gani, asaini. Wao vita kubwa inapiganwa mapema zaidi, nani apeane nini, kwa umbo gani, na nani alifuta nini.

mamboleo_online (Kisumu)

Mungu awabariki, hapo kwa kutofaili nilikuwa karibu kumuuliza wakili pasiwedi ya sistimu aki. Sasa hiyo "umbo gani" ndiyo naomba mtu anifafanulie, juu kwa maagizo yake ameandika "ESI, angalia Delaware default standard" na akanyamaza. ESI najua ni ushahidi wa kielektroniki lakini hiyo default ni nini? Na bado saa.

dada_wa_sheria (Kakamega)

Mulembe. Nimefanya hii kazi upande wa kampuni zinazopanga nyaraka za kesi, wacha nikuelezee kwa mapana juu hapa ndipo kuna pesa na ndipo watu wanaumia.

Kwanza tarehe za blogu ulizosoma. Neno lenyewe la ushahidi uliohifadhiwa kielektroniki liliingia kwa kanuni za federali mwaka wa 2006, halafu mwaka wa 2015 wakabadilisha tena, hasa Rule 37(e) inayosema ni nini kinafanyika kama mtu amepoteza data aliyofaa kuitunza. Kwa hivyo blogu ya 2014 ikikuelezea 37(e) inakuelezea kitu kilichokufa. Mabadiliko ya kanuni za federali huanza kutumika tarehe 1 Desemba, kwa hivyo kila ukifungua PDF angalia mbele imeandikwa ni ya kuanzia lini, hata kwa tovuti ya korti yenyewe utapata nakala za zamani zikiwa bado zinaelea huko chini.

Sasa mtiririko. Kabla ya ile ratiba ya jaji, mawakili wa pande zote wanakutana, Rule 26(f), si chini ya siku 21 kabla ya mkutano wa ratiba ama kabla ya siku amri ya ratiba inafaa kutoka, wanazungumza juu ya data iko wapi, itatunzwa vipi, itapeanwa kwa umbo gani, halafu wanaandika ripoti ndani ya siku 14. Ripoti hiyo ndiyo jaji anatumia kutengeneza amri. Ukielewa hapo umeelewa kwa nini wakili wako anataka hiyo karatasi sasa na si mwezi ujao, anaenda kwa hicho kikao na mwenye hajajua kanuni za hapo anakubali kila kitu upande ule mwingine unamwekea mbele.

California kaskazini wana miongozo yao ya ESI, na wana orodha ya maswali ya kuulizana kwa hicho kikao cha 26(f), pamoja na mfano wa amri ambayo pande mbili zinaweza kusaini. Ziko kwa tovuti ya korti, tafuta ukurasa wa miongozo ya ESI. Hiyo orodha ya maswali chukua kama mifupa ya karatasi yako, usibuni yako.

Delaware nao wana hicho kitu wanaita Default Standard. Maana yake ni rahisi, hii ndiyo itatumika kama hamjakubaliana kingine. Na ina vitu vya kushika kabisa: ndani ya siku 30 baada ya kile kikao kila upande unataja watu 10 ambao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na data ya maana, na pia sehemu zingine data inakaa ambazo si za mtu mmoja. Ukitumia maneno ya kutafutia kwa kompyuta, upande ule mwingine unaweza kuomba kuongezewa maneno mengine yasiyozidi 10 isipokuwa waonyeshe sababu nzuri. Na umbo ni picha za kurasa zinazoweza kutafutwa maneno, PDF ama TIFF, isipokuwa vitu kama Excel ambavyo vikigeuzwa picha havisomeki, hivyo vinapeanwa kama vilivyo.

Kama hakuna makubaliano wala kanuni ya hapo, unarudi Rule 34(b)(2)(E): mwenye kuomba anaweza kutaja umbo, asipotaja unapeana vile unavyoitunza kawaida ama kwa umbo linalotumika vizuri, na hauhitaji kupeana kitu kimoja kwa maumbo mawili. Hapo ndipo usije ukachukua imeili ukaipiga chapa ukaiskani ukafikiri umesaidia. Ukifanya hivyo umefuta metadata yote, nani alituma saa ngapi, nani alikopiwa kisiri, faili ilibadilishwa lini, na wenzako wataenda kwa jaji kulia kwamba umewapa kitu hakitafutiki.

Kuna kitu kingine mwambie wakili wako hata kama hajauliza, amri ya Rule 502(d) ya kanuni za ushahidi. Ukipeana imeili nyingi hivyo lazima moja ya siri kati ya mteja na wakili wake iponyoke. Hiyo amri inasema ikiponyoka haijapoteza ulinzi wake, hapo na kwa korti zingine. Kwa maoni yangu wakili anayeingia diskavari kubwa bila hiyo amri anacheza kamari na pesa ya mteja.

Mfano wa mwisho wa kwa nini za hapo ni muhimu, ingawa si korti zako: kanuni za nchi, Rule 33, zinakupa maswali 25 ya maandishi kwa upande mwingine. Ukienda Southern District ya New York, Local Civil Rule 33.3 inakwambia mwanzoni uulize tu majina ya mashahidi, hesabu ya hasara, na nyaraka ziko wapi na nani anazo, mambo kama hayo. Ukiwatumia maswali yako 25 ya kawaida wanakurudishia na pingamizi na umepoteza mwezi.

free_area_nkr (Nakuru)

Dada amemaliza, wacha mimi niseme ya saa juu hiyo inanichoma kila mara.

Rule 6(a)(4) inasema kama unafaili kwa mtandao siku ya mwisho inaisha saa sita usiku kwa saa za KORTI, isipokuwa sheria, kanuni ya hapo ama amri iseme vingine. California saa sita usiku wao ni saa nne asubuhi yetu siku inayofuata, na kuanzia Novemba mpaka Machi inakuwa saa tano juu wao wanarudisha saa nyuma na sisi hatuna mambo hayo. Kwa hivyo hapo uko poa, unaamka, unakunywa chai, bado dedilaini haijafika. Delaware ndiyo mtego. Wana agizo kwamba hati zote isipokuwa zile za kufungulia kesi ziingie kabla ya saa kumi na moja jioni yao, na hiyo kwetu ni saa sita usiku, msimu wa baridi yao saa saba. Na korti ya rufaa ya hapo juu yao, Third Circuit, nayo tangu tarehe 1 Julai 2023 ikahamia hiyo hiyo saa kumi na moja. Mtu amesoma kanuni ya nchi peke yake anafikiri ana masaa saba zaidi na hana.

Kwa karatasi yako andika saa mbili kando kando, yao na yetu, na ukiandika yetu usiandike "saa tano" halafu wakili aisome kama 5, andika kwa mtindo wa masaa 24. Halafu jipange na stima, ikipotea Mamboleo usiku wa dedilaini hakuna jaji wa Delaware atakuhurumia, uwe na bando kwa simu na laptopu imejaa chaji.

mamboleo_online (Kisumu)

Masaa 24 nimeandika hapa ukutani 😅 Na nikikosea kitu kidogo, kwa mfano mstari wa kwanza wa hati haujakaa vile wanataka, kesi ya mtu inaanguka?

karani_wa_faili (Kisumu)

Binamu ananiambia hapana, Rule 83(a)(2) inasema kanuni ya hapo inayohusu umbo tu haiwezi kufanya mtu apoteze haki yake kama hakukusudia kuivunja. Lakini wanaweza kuirudisha uirekebishe, na wakili atajua ni nani aliipanga.

dada_wa_sheria (Kakamega)

Ni hivyo. Na niongeze mambo mawili ambayo hakuna mtu amegusa.

Moja ni kuziba taarifa za siri za watu. Rule 5.2, hati yoyote inayoingia kortini, namba ya social security inabaki tarakimu nne za mwisho, akaunti ya benki vivyo hivyo, tarehe ya kuzaliwa inabaki mwaka, mtoto anabaki herufi za kwanza za jina. Na kuziba si kuchora boksi nyeusi juu ya maneno kwa Word halafu ugeuze PDF, mtu akikopi anapata maneno chini. Tumia programu inayofuta kabisa halafu ujaribu kutafuta hiyo namba mwenyewe uone kama inatokea.

Pili, kabla hujapakua hata faili moja ya mteja, uliza kama kuna amri ya kulinda siri kwa hiyo kesi, na uisome inasema nani anaruhusiwa kuona nini. Zingine zinakataza kabisa data kutoka nje ya Marekani, na ukiwa Kisumu wewe uko nje. Ukikuta hivyo mwambie wakili mapema, mtapanga ufanye kazi kwa kompyuta yake kwa mbali ama ufanye tu sehemu ya kanuni bila kugusa data. Na hata kama hakuna, sisi tuna Data Protection Act ya 2019, taarifa za watu zikiwa kwa laptopu yako hapa nchini wewe ni sehemu ya mnyororo. Kwa hivyo saiba hapana, laptopu ya kuazima hapana, WhatsApp ya kutumiana mafaili hapana.

Na ile pasiwedi yake ya kufaili wacha akae nayo. Jina linalosainiwa ni lake, Rule 26(g) inataka wakili ama mhusika mwenyewe asaini maombi na majibu ya diskavari, na akisaini anasema amechunguza. Karatasi yako iwe na kichwa kinachosema ni rasimu ya kuangaliwa na wakili, na kila mstari uweke namba ya kanuni na tarehe uliyoifungua.

mamboleo_online (Kisumu)

Asanteni sana wote. Swali la mwisho kabisa, huyo mteja wa California ametuma skrinshoti za WhatsApp za mazungumzo yake na mshirika wake wa biashara, anasema simu ya zamani atampa mtoto wake atumie. Hiyo nitaweka kwa karatasi?

dada_wa_sheria (Kakamega)

Hiyo si ya karatasi, hiyo ni ya kumpigia wakili simu LEO. Mtoto akiifungua upya meseji zimeenda, na hapo ndipo 37(e) inaingia: kama alifaa kuitunza na hakuchukua hatua za kutosha na haiwezi kupatikana kwingine, korti inaweza kurekebisha hasara kwa upande ule mwingine, na ikionekana alikusudia kuwanyima, jaji anaweza kuambia juri, wale raia wanaoitwa kuamua kesi, wachukulie kwamba zilikuwa zinamuumiza. Simu izimwe, iwekwe, mtaalamu atoe nakala. Skrinshoti zibaki lakini zisiwe ndizo peke yake.

mamboleo_online (Kisumu)

Nimemtumia meseji sai, huko kwake ni alfajiri lakini wacha aamke nayo.

free_area_nkr (Nakuru)

Poa. Na ya Delaware usianze kuandika kabla hujaangalia ni jaji gani na ni kesi ya aina gani, huko majaji wana mifano yao ya amri ya ratiba na ile ya kesi za hataza, yaani patent, si sawa na ya kesi zingine. Kama ni ya hataza rudi hapa useme, hiyo ina tarehe zake nyingi kabisa na tutaanza upya.